Historia ya Mama Pindo, Aliyerekodi Mchezo Kuanzia Mwisho

Ndugu waombolezaji, viongozi wetu wa dini, majirani na marafiki, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi ni mdogo wake marehemu, tumeachiana ziwa, na tangu utotoni yeye ndiye alikuwa msomaji na mimi msikilizaji, kwa hiyo mkisikia nimekwama mnivumilie, Mungu hakunijalia ulimi mwepesi, na karatasi hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Dada yetu, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Mama Pindo, alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Februari 1963, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri la mikate, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mwashi na mama mfua nguo, na marehemu mama alikuwa akitusimulia kwamba mtoto yule alilia kwa nguvu hadi waokaji wakaacha unga wakaja kuchungulia, wakasema huyu kaja na tarumbeta.

Alianza darasa la kwanza Januari 1970, katika shule iliyokuwa mwisho wa mtaa wetu, akamaliza darasa la saba mwaka 1976 akiwa wa pili kwa darasa zima, akapata nafasi ya kuendelea, lakini mwaka huohuo baba alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na hakuweza tena kubeba tofali, ndipo dada akaweka daftari chini akaenda kwa shangazi kujifunza cherehani, na sikumbuki hata siku moja alipotulaumu sisi tuliobaki shuleni, ingawa alitulaumu kwa mengine mengi.

Mwaka 1989 alifungua duka lake mwenyewe, chumba kimoja kilichobanwa kati ya fundi viatu na duka la dawa, na jina la Mama Pindo alilipata hapo, kwa sababu hakuwa akikuruhusu kutoka na nguo mpaka aigeuze ndani nje na kukagua pindo lote, na akikuta mshono umeyumba anaufumua mbele yako, hata kama wewe ni bwana harusi na gari linakusubiri nje linapiga honi. Hatukukusanyika hapa kusema alikuwa malaika, Mungu hapendi uongo hata wa msibani, dada yetu alikuwa mkali, alikuwa na neno kali kwa mteja mchelewaji na kali zaidi kwa fundi mvivu, lakini nguo zake hazikuachia, na maneno yake akishayasema yameisha, hakuyaweka kiporo.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu mnayemwona, dereva wa lori, mtu wa sauti nene na moyo laini, na Mungu akawajalia watoto watatu, wavulana wawili, na kitinda mimba wao wa kike aliyezaliwa tarehe 30 Mei 1996. Binti huyo alipokuwa na umri wa miaka sita alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akapona uhai, akapoteza macho, na tangu siku hiyo dada akawa anamsomea kila kitu, magazeti, vitabu vya dini, maandishi ya kwenye mifuko ya sukari, hata mabango ya barabarani wakiwa wanatembea, na ukipishana nao njiani ungedhani mama anazungumza peke yake.

Binti alisoma katika shule ya wasioona na leo ni mwalimu palepale, na ndiye aliyeleta nyumbani habari kwamba wanafunzi wake wanatakiwa kuufanyia mtihani ule mchezo wa kale wa kuigiza ambao wengi wetu tuliusoma shuleni, wa mama anayesafiri kwenda kwa mwanawe aliyekuwa mtawala, akafika akakanwa mlangoni, lakini shule ina nakala moja tu ya nukta nundu, na vidole vya watoto vimeipapasa kwa miaka mingi hadi nukta zimelala, haisomeki tena. Dada hakulala vizuri, na Juni 2022 alikusanya watu wa kujitolea ili waurekodi mchezo huo kwa sauti, akampata mwalimu mstaafu tuliyemwita Nukta kwa sababu hakukubali mtu aruke nukta hata moja, akampata fundi redio wa mtaani aliyeleta mitambo, ambaye tulimwita Kimya maana ndilo neno alilolipayuka kutwa, akawapata na muuza dawa na fundi viatu, yeye mwenyewe akashika nafasi ya mama, na mimi nikapewa kuwa askari wa mlangoni, mwenye maneno manne tu, na niliyakosea.

Walirekodia ndani ya duka la dada, kwa sababu Kimya alipiga makofi mle ndani akasema vitambaa vinameza mwangwi, hakuna chumba kizuri kuliko hiki, basi wakawa wanakaa katikati ya majora, cherehani zimefunikwa blanketi, fundi viatu ameacha nyundo, na shemeji, aliyepewa kuwa mtawala kwa ajili ya sauti yake, anasinzia kwenye kiti kwa uchovu wa safari, mpaka muuza dawa anamtikisa, "Mtukufu, amka, raia wanakwisha!"

Januari 2023 sauti ya dada ilianza kukwaruza, tukadhani ni vumbi la vitambaa, lakini tarehe 20 Februari madaktari walikuta uvimbe kooni, wakamwambia kwa upole kwamba matibabu yataanza, na kwamba sauti itakwenda, iwe mapema au baadaye. Wakati huo walikuwa wamefanya mazoezi tu, hawajarekodi lolote la kubaki, na Mwalimu Nukta akashauri wasimamishe, ndipo dada akasema neno ambalo fundi cherehani peke yake angelisema, kwamba kitambaa kikiwa hakitoshi unakata kwanza kipande kikubwa, vipande vidogo utaunga baadaye, kwa hiyo tutaanza na sehemu ya tatu, ya mwisho, ndiyo yenye kilio na ndiyo inayotaka sauti nzima, tutarudi nyuma kuelekea mwanzo, na pale Mungu atakaponikatia ndipo hapo.

Machi walirekodi sehemu ya tatu. Humo mtawala anamtazama mama yake mbele ya watu wote na kusema hamjui mwanamke huyu, na shemeji, mumewe wa karibu miaka arobaini ya ndoa, hakuweza kulitoa neno hilo, mara ya kwanza alicheka, mara ya pili akakohoa, mara ya tatu akalia waziwazi, Kimya akazima mitambo akajifanya anatafuta waya, na dada akamshika mumewe mkono akamwambia, "Sema, baba watoto, we sema tu, mimi najua unanijua." Akasema. Mtakapomsikia mtawala yule sauti ikimtetemeka, msidhani ni uigizaji.

Mei na Juni walirekodi sehemu ya pili, ya safari, na sauti ya dada ilikuwa tayari imepasuka, ikafaa, kwa kuwa mama wa kwenye mchezo amechoka na njia. Ikabaki sehemu ya kwanza, ambamo mama huyo bado ni msichana mbichi, amembeba mwanawe mchanga, anamwimbia na kumwahidi dunia. Tarehe 12 Agosti dada alikaa mbele ya maikrofoni, Kimya akasema neno lake, tukanyamaza, na kilichotoka kinywani mwake kilikuwa pumzi tupu. Alijaribu tena, akanywa maji, akajaribu tena. Mwalimu Nukta alinivuta nje akaniambia tutafute mwanamke mwingine arudie mchezo mzima ili sauti iwe moja, na mimi nilikubali, nakiri mbele zenu na mbele za Mungu kwamba nilikubali upesi mno, kwa sababu nilitaka kutoka mle dukani nisiendelee kumtazama.

Dada aliposikia hakukasirika, alitwaa kipande cha kitambaa mezani, akakilinganisha na kingine cha rangi ileile, akavibana pamoja, kisha akamnyooshea kidole binti yake aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, msikilizaji wetu wa kila siku, aliyekuwa akituambia wapi tunasikika kama tumesimama na wapi kama tumekaa. Sote tulielewa. Kaka zake wakamsomea maneno mpaka akayahifadhi, akayarekodi, na Jumapili tarehe 15 Oktoba tukampelekea mama yake hospitalini alikokuwa amelazwa, tukamwekea sikioni, akasikiliza amefumba macho mpaka mwisho, halafu akatikisa kichwa kukataa.

Mama Pindo, hata kitandani. Tuliinama, tukijiuliza mtoto amekosea wapi, kwa maana hakuruka neno, naye dada akainua mikono yake iliyokuwa imebaki mifupa, akaushika uso wa binti yake, akaweka kidole kwenye kila pembe ya mdomo, akazivuta juu taratibu, akazishikilia hapo. Binti akasema, "Nimesema kwa huzuni, eti mama? Huyu msichana bado hajui yatakayomkuta." Dada akampiga kofi dogo la shavu, ndiyo. Binti akaahidi kwamba atarudia.

Marehemu alifariki dunia Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, saa kumi na moja alfajiri, mumewe akiwa amemshika miguu na binti akiwa amemshika mkono, kabla ahadi ile haijatimizwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, hasa muuguzi aliyeturuhusu kuingia na mitambo akasema yeye hajaona kitu, tunawashukuru majirani waliopika na kuteka maji bila kuombwa, mafundi wenzake waliofunga cherehani zao tangu Jumanne, muuza dawa na fundi viatu, na Mwalimu Nukta, ambaye sina kinyongo naye, alitaka kazi iwe nzuri, nami nilitaka kukimbia.

Neno moja la mwisho kisha nitakaa. Jana alasiri, dada akiwa bado hajaletwa nyumbani, binti yake alituomba tumfungulie duka. Tulifunika cherehani, shemeji akakaa kwenye kiti chake, Kimya alifungua mdomo aseme neno lake likamshinda, akatuinulia mkono tu, na mtoto huyu, amefiwa siku ya tatu, macho yamevimba, akavuta pembe za mdomo wake juu kwa vidole vyake mwenyewe, akazishikilia kidogo, akaziachia zikabaki palepale, akamwimbia yule mtoto mchanga na kumwahidi dunia, kwa furaha, mpaka mwisho, bila kuyumba.

Dada, kazi imekamilika. Lala sasa, upumzike kwa amani ya Mungu.