Bi. Senga Petrie, Aliyetupokonya Sir Malise

Ijumaa tarehe 28 Machi, Bi. Senga Petrie atafunga kabati la hati za koo kwa mara ya mwisho, baada ya kulitumikia Jumba la Kumbukumbu la Kirkdarroch kwa miaka thelathini na saba. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa kuwa nimekaa meza ya jirani kwa miaka kumi na tisa. Wapo waliosema nisipewe, eti nina kinyongo naye. Ni kweli ninacho, na nitakieleza.

Alianza kwa kupangusa vumbi kwenye madaftari ya ubatizo. Haukupita mwaka akawa anasoma Kilatini cha makarani wa kale na ule mwandiko wao wa kuku, mpaka mkuu wake mwenyewe akawa anamletea hati kwa kificho. Mto ulipofurika na maji kuingia chumba cha chini, aliokoa madaftari ya parokia kumi na mbili akiwa peku, huku sisi wanaume tukijadiliana nani ana funguo.

Wateja wetu, wawe wametoka Dundee au Kanada, huingia na swali lile lile: babu yangu alikuwa mwinyi wa wapi? Bi. Senga huwapa chai kwanza, kisha huwaambia, "Hakuna karatasi, hakuna babu." Bwana mmoja alifika amevaa kilti, ile sketi ya kiume ya Kiskoti, na upanga wa kukodi, akidai uchifu wa ukoo mzima. Baada ya saa mbili alitoka na babu mwizi wa kondoo, tena anacheka.

"Mwizi ana faida zake, bwana," Bi. Senga alimfariji. "Mahakama imeandika mpaka rangi ya nywele zake. Angekuwa mwema tusingemjua."

Sasa kinyongo changu. Sisi akina Imrie tulikuwa na mchoro wa ukoo uliofika hadi kwa Sir Malise wa Balnadarg, askari wa farasi wa mfalme, miaka mia saba nyuma. Aliyetuunganisha naye ni William Imrie, ambaye daftari la kanisa la miaka ya 1740 linamtaja kwa neno moja tu, kama aitwavyo mwinyi: Balnadarg. Isitoshe, bibi yake Baba alikufa akisema, "Malise alikuwa wetu." Mwaka jana baba yangu, mwenye miaka themanini na minne, aliagiza jiwe la kumbukumbu lisimikwe makaburini, lichongwe kwamba sisi ni uzao wa Sir Malise. Ndugu wote wangekusanyika Jumamosi.

"Sitaki kuzikwa nikiwa Imrie wa hivi hivi tu," aliniambia. "Mpelekee yule mama mchoro atie sahihi."

Nilimpelekea Jumatatu. Alhamisi Bi. Senga alikuja nyumbani kwetu kwenye mvua, faili kwapani. Baba alidhani amekuja kutupongeza.

"Mzee Imrie," alisema, "pale mnadani wanakuitaje?"

"Tillyhaugh," alijibu Baba. Kisha uso ukamshuka. Kwetu mkulima huitwa kwa jina la shamba, na Tillyhaugh tumelipanga tu.

"Ndivyo alivyoitwa William. Alipanga kona ya Balnadarg, akichunga ng'ombe."

"Na Malise je? Bibi yangu hakuwa mwongo, mama."

"Hakuwa." Akamfunulia nakala ya kumbukumbu za baraza ambako mwinyi wa Balnadarg alihukumu wapangaji wake. William Imrie alishtakiwa kwa kumpa fahali wake jina la Malise, babu mtukufu wa mwinyi, na kwa kumwita kwa sauti kila Jumapili watu wakitoka kanisani.

Mimi nilimchukia Bi. Senga wakati ule, nasema wazi, maana habari za Sir Malise nilishawatangazia wakwe zangu wote.

"Aliadhibiwa?" Baba akauliza.

"Aliamriwa abadili jina. Mwaka uliofuata kashtakiwa tena, fahali yule yule. Na mwaka wa tatu."

"Mara tatu!" Baba akacheka mpaka nikamletea maji. Usiku ule ule alimpigia fundi simu, na Jumamosi jiwe lilifunuliwa likiwa na jina la William na kichwa cha fahali. Ndugu walipiga makofi. Mimi nilipiga pia, moyo ukiuma.

Bi. Senga hajawahi kutafuta ukoo wake mwenyewe, husema atajipendelea. Basi zawadi yake ya kustaafu nimeiandaa mimi, kwa miezi mitano ya saa za chakula cha mchana. Akina Petrie wametokana na mtumishi wa jikoni wa Balnadarg, ambaye wazee wa kanisa walimsimamisha Jumapili tatu mbele ya waumini kwa kuzaa nje ya ndoa. Alimtaja baba wa mtoto, na baba akakiri kwa sahihi yake: ni mwinyi yule yule wa kesi ya fahali. Kutoka kwake hadi Sir Malise hakuna hati hata moja inayokosekana. Nimezihakiki mara nne, kwa kuwa namjua atakayezihakiki mara ya tano.

Kwa hiyo damu tuliyoiota vizazi vinne ilikuwa meza ya pili, ikitafuna biskuti za siagi na kutuambia hakuna karatasi, hakuna babu.

Asante, Bi. Senga, kwa mababu uliotupa na kwa uliotunyang'anya. Upumzike kwa afya na furaha, na mvua ikupungukie. Baba atakuwa mstari wa mbele Ijumaa. Ameapa kwamba Imrie hamvulii kofia mtu wa Balnadarg. Ila jana nimemkuta mbele ya kioo, kofia mpya kichwani, akijaribu namna ya kuivua.

Lachlan Imrie, meza ya jirani