Yeshimebet Gobena na Jumba la Mduara

Ko. Ndivyo zege zima linavyoitika likigongwa nyundo, na kila aliyefanya kazi na marehemu anaukumbuka mlio huo. Aligonga, akainamisha kichwa, akasikiliza. Likilia kama chungu kitupu alisema, "Vunja," kisha akaenda zake.

Marehemu Yeshimebet Gobena alizaliwa Dessie tarehe 9 Machi 1951, binti wa mwashi wa mawe Gobena Asfaw na mkewe Workinesh. Alisoma Dessie hadi sekondari, na mwaka 1969 akaja Addis Ababa kusomea usanifu wa majengo. Baba yake alimsindikiza hadi kituo cha basi, akamkabidhi nyundo yake ndogo.

Mwaka 1978 aliolewa na mpima ardhi Kifle Negash. Baba yetu huyo alimposa juu ya jukwaa la ujenzi la miti ya mkaratusi, orofa ya nne.

"Nijibu kabla hatujashuka."

"Kwanza toa mguu kwenye huo mti. Umeoza."

Walishuka wakiwa wachumba. Baba yetu alifariki mwaka 2003.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni jumba la mduara la barabara ya Bole, alilolichora mwaka 1994. Alilichora kwa zege. Ukuta wake ulikunjwa kama shuka ya pamba begani mwa mama, na kila mkunjo ulibeba sakafu za juu huku ukitia kivuli dirisha lililo kando yake. Umbo lile lilitokana na uzito wa zege na ukali wa jua letu, si na urembo. Mwenzake wa ofisini, Tamrat Woldeyes, tunayemwita Gashe kwa heshima ya umri, alizichukua karatasi zile, akafuta jina la marehemu na kuandika lake. Kwa kupenda mng'aro akaondoa mikunjo, akasimamisha nguzo nyembamba za chuma na kuzungushia kioo. Mduara akaubakiza. Akavishwa medali. Hatumsengenyi: Gashe Tamrat ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha maziko, na ameketi hapa mbele.

Marehemu alidai jambo moja tu, jina lake liandikwe mlangoni. Alidai kila mwaka mpya, na kila mara alijibiwa, "Dada yangu, mawazo ni ya watu wote." Jamaa walimshauri angalau ahamie chama kingine.

"Nihame mimi?" alicheka. "Nikifa lazima aje, akae, asikilize mpaka mwisho. Si ndiyo sheria yenu?"

Alipostaafu alichagua mkahawa unaotazamana na jumba lile. Jua la alasiri lilipopiga kioo, wapangaji walibandika magazeti madirishani, na huko juu, ofisini kwake, Gashe Tamrat alifanya kazi chini ya mwavuli.

"Gashe kafungua?" marehemu alimuuliza mhudumu, aliyemwita Etiye kwa heshima.

"Kafungua, Etiye. Leo kavua na soksi."

"Niongeze kahawa."

Alianza kuugua figo mwezi Februari 2021, akatutoka nyumbani kwake Kazanchis alfajiri ya tarehe 11 Novemba. Ameacha watoto wawili, Hirut na Natnael, wajukuu wanne, na majengo kumi na moja ya zege ambayo hayajawahi kuhitaji mwavuli ndani. Mungu amlaze penye kivuli, apumzike kwa amani.

Aliagiza wasifu huu usiishie hapo, bali kitandani pake, wiki ya mwisho. Mwenyekiti alikuja kumjulia hali kama chama kinavyomtaka, na machungwa mkononi. Akapiga magoti.

"Yeshi, dada yangu, nisamehe. Nitaliandika jina lako mlangoni. Kwa shaba. Herufi kubwa."

Tulimtazama mama. Jambo alilolidai miaka yote lilikuwa limefika miguuni pake. Alinyoosha mkono, akagonga kwa kidole paji la uso la mgeni wake, taratibu, akainamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Usithubutu," alisema. "La kwangu lilikuwa la zege."

Kisha, kwa sauti ndogo hata ikabidi tusogee:

"Lile la kioo ni lako, Tamrat. Lako peke yako."