Laurean na Kazi ya Kisarawe

Padre, wafiwa, majirani wa Kongowe na wageni mliotufikia, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya ndugu yetu Laurean Kamugisha, aliyezaliwa Kamachumu, Muleba, tarehe 14 Agosti 1964, akasoma hapo hapo shule ya msingi, 1972 hadi 1978, akamaliza kidato cha nne mwaka 1982, na mwaka 1989 akapata cheti cha kompyuta Dar es Salaam, wakati wengi wetu hatujaiona kompyuta hata kwa mbali.

Tarehe 30 Desemba 1995 alifunga ndoa na Juliana, wakajaliwa Eugenia, 1998, na Adelin, 2003. Tarehe 1 Machi 1999 aliajiriwa na kiwanda cha vigae huko Zegereni, akiendesha kazi za kompyuta kwa mpangilio, mauzo kwanza, ankara baadaye. Lakini ghala la Kisarawe lilikuwa na kompyuta yake, iliyoanzisha hesabu ya mzigo yenyewe, hivyo kila jioni Laurean alipiga simu kuuliza kama imekwisha, ndipo aruhusu ankara zitoke. Simu hiyo hakumwachia mtu. Juliana, chakula kikipoa, alizoea kusema, "Mwenzenu ana mke mdogo Kisarawe."

Mwaka 2017 kiwanda kilileta programu ya kusimamia kazi zote, hata za nje ambazo haikuzianzisha yenyewe, ikijua zilizokwama na zilizokwisha, ikiweza kuzizuia na kuziachia, na ujumbe wa kukamilika ukawa unaingia kwenye simu ya Mwinyijuma, kijana mzaliwa wa Kisarawe aliyefundishwa kazi na Laurean mwenyewe pale ofisini Zegereni. Wivu ukamshika Laurean, nao familia imeridhia usemwe, maana hakuna aliyemfahamu asiyeujua: shikamoo ya Mwinyijuma aliipokea akitazama ukutani, na simu ile ikilia, alitoka nje. Kisha akajiwekea utaratibu, akaizuia kazi ya Kisarawe kwenye programu isihesabiwe imekwisha, akapiga simu kama zamani, ndipo akaiachia kwa mkono wake.

Ijumaa, tarehe 20 Julai 2018, akiwahi maandalizi ya kipaimara cha Adelin, aliizuia akasahau kuiachia, na asubuhi yake malori yakapanga foleni getini bila ankara. Mwinyijuma ndiye aliyeiachia, na meneja alipouliza, akajibu kwamba walikuwa wakiijaribu programu wao wawili. Laurean hakumshukuru, aliona kijana amemchukulia hata kosa lake.

Alistaafu tarehe 14 Agosti 2024, na Machi 2025 figo zikaanza kumsumbua. Tarehe 2 Juni Mwinyijuma alikuja kumjulia hali, akamwambia, "Mzee, namba yako nimeiingiza kwenye programu, ofisi imekubali." Jioni ile ujumbe ukaingia, mgonjwa akausoma, akauliza, "Na kwako umeingia?" Alipojibiwa kwamba umeingia, akageukia ukutani.

Kesho yake Mwinyijuma aliiondoa namba yake mwenyewe, na ingawa aliiona kazi yote kwenye skrini, kila jioni akampigia Laurean kumuuliza kama Kisarawe imekwisha. Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, simu aliipokea Juliana, akamsomea kwanza ujumbe, ndipo akamweleza kwamba mzee wake ametutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu, majirani, wanajumuiya, wafanyakazi wenzake wa Zegereni, na Mwinyijuma, aliyeomba kubeba jeneza upande wa mbele. Simu ya marehemu anayo Juliana, na amekataa kumpa mtu.

Laurean, pumzika kwa amani, zamu yako hakuna anayeigombea.