Mpini wa Kikombe cha Mwalimu Bronagh McElhatton

Ndugu, majirani na wanafunzi mliotusindikiza hadi hapa, tuazimeni masikio tuwasimulie alivyoishi ndugu yetu Bronagh.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1961 huko Pomeroy, kaunti ya Tyrone, Ireland ya Kaskazini, binti wa seremala, na alipoingia sekondari mwaka 1972 aliomba kujifunza useremala, akaambiwa wasichana ni jikoni na cherehani, naye akashona miaka mitano huku akichungulia karakana dirishani. Alisomea ualimu Belfast, akahitimu Juni 1983, akafundisha hisabati, na tarehe 9 Agosti 1986 akafunga ndoa na Fintan, wakajaliwa Sorcha na Niall. Mwaka 1991, shule yake ilipofungua somo la teknolojia na ubunifu kwa wavulana na wasichana pamoja, aliomba funguo za karakana kabla mwingine hajazitamani, akakaa humo miaka ishirini na saba.

Septemba 2018 madaktari walimwambia kuwa maradhi ya mishipa ya fahamu yangemnyang'anya mikono kwanza, naye akaomba jambo moja tu, anywe chai yake mwenyewe, asinyweshwe. Mtihani wa somo lile humtaka kila mwanafunzi abuni kifaa cha kumsaidia mtu halisi, na Orlaith Devlin, wa darasa lake la mwisho, akamchagua yeye. Mpini wa kwanza aliomchongea wa kikombe, uliopigwa msasa ukang'aa kama yai, ulimponyoka Bronagh, chai ikatapakaa mezani.

“Umechonga kwa kipimo cha mkono wako, bibie,” Bronagh alimwambia mbele ya darasa lililokuwa likicheka. “Mgonjwa ni mimi!”

“Basi leta mkono, Mwalimu, maneno baadaye.”

Bronagh akaukandamiza mkono wake katika udongo laini, vidole vilivyopinda vikaacha alama zake, na Orlaith akachonga kwa kuzifuata, akakosea mara nne, akarudi mara nne kwenye jiliwa, kile kibanio cha meza ya seremala. Tarehe 12 Machi 2019, jikoni kwake, Bronagh aliinua kikombe, akanywa, akakitua, akakiinua tena mbele yetu sote tuliokuwapo, mpaka chai ikaisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta mikate na viti vya mkesha, walimu wenzake waliopokezana jeneza mabegani, na wewe Orlaith, kwa sababu alifariki nyumbani tarehe 6 Aprili, saa nne asubuhi, baada ya chai, na hakuna aliyewahi kumnywesha.

Shusha mikono, Bronagh, upumzike kwa amani.