Kiti Kitangulie: Safari ya Mama Emiliana Gaudence Mkusa (1956–2025)

Mama Emiliana, ambaye leo tumemrudisha nyumbani, alizaliwa hapa Kolo, Kondoa, tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa nne wa Mzee Gaudence. Utotoni alichunga mbuzi chini ya mawe yenye michoro ya kale, na mara nyingi usingizi ulimpitia huko huko. Mama yake alizoea kusema kwamba mbuzi ndio waliomchunga Emiliana.

Alianza shule ya msingi Kolo mwaka 1964, akasoma sekondari Dodoma, na mwaka 1979 akahitimu stashahada ya ustawi wa jamii. Tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na Denis Mkusa, seremala wa Kizota, aliyemchongea kiti cha mninga kuwa zawadi ya harusi. Denis alifariki mwaka 2012.

Baada ya kustaafu kazi ya ustawi wa jamii mwaka 2016, alifungua ofisi ndogo mjini Dodoma ya kushauri familia ambazo wazazi wao wamezeeka, wanaugua au wameanza kusahau. Watoto walipovutana, yeye alipanga nani ampeleke mzazi hospitali, nani amwogeshe, na nani apumzike. Lakini kwanza aliketi na mzee mwenyewe. Mwaka 2018 Mzee Alnashir, muuza vitambaa, alihamishiwa kwa mwanawe Area D, akagoma kula. Wengine walisema ni ukaidi. Mama aliketi naye mpaka chai ikapoa, ndipo mzee akasema, "Mama, hapa sina pa kukaa." Nyumba ilikuwa na makochi mapya. Mama akaagiza kiletwe kiti ambacho mzee alikikalia miaka yote dukani kwake, na jioni ile mzee alikula. Tangu hapo alifundisha kila familia: kiti kitangulie, mwenyewe afuate.

Mganga hajigangi. Januari 2025 figo zilipomsumbua, wanawe walimhamishia kwa binti yake Anyesi, naye akiishi Area D. Walibeba dawa, godoro, hata sufuria zake. Kiti alichochongewa na Denis wakakisahau. Siku tatu Mama alilala akitazama ukuta, chakula hakigusi.

"Mama, tumekosea wapi?" Anyesi akamuuliza.

"Mwanangu, mmenileta mimi kwanza."

Anyesi alilia kwa aibu, maana maneno hayo aliyajua tangu zamani. Nduguye Fredy akakifuata kiti kwa bajaji. Kikawekwa mlangoni, kikielekea kaskazini, upande wa Kolo, na Mama akaomba uji. Toka siku hiyo alisinzia hapo kila mchana, akiamka anasema ametoka Kolo na mbuzi wote wapo. Mwanzoni Anyesi alimsahihisha. Baadaye akawa anamuuliza wamenenepa kiasi gani.

Alifariki akisinzia kitini, tarehe 9 Juni 2025, saa nane mchana.

Ameacha watoto watatu, Anyesi, Fredy na Ruthu, wajukuu saba, na mdogo wake Penina.

Jana Fredy alikitanguliza kiti Kolo, akakiweka kikiyatazama mawe. Leo mwenyewe amefuata. Pumzika kwa amani, Mama. Mbuzi wote wapo.