Mlango Usiopigwa Hodi

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Dk. Zuwena Mselem anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Wengi wenu mnaosoma jarida hili mmefanya kazi naye jengo moja na hamjawahi kuingia chumba chake cha utafiti. Mlangoni aliandika: USIPIGE HODI. Mkayaita maringo. Hayakuwa maringo. Kishindo kiliwashtua sungura wake wa majaribio, na sungura aliyeshtuka vipimo vya damu yake haviaminiki. Yeye mwenyewe alianza kuimba kasida kwa sauti ya chini tangu kona ya korido, ili wajue anayekuja ni nani.

Alizaliwa Tongoni, akaanza hapa kwa kuosha chupa za maabara, akasoma hadi udaktari. Swali lake lilikuwa moja: nyama ya mwili ikishavimba na kuwaka, je, mwili huiona ngeni na kuitengenezea kingamwili, kama ufanyavyo kwa vijidudu vya maradhi? Alitayarisha sindano kutokana na nyama ya magoti ya sungura yaliyovimba, akachoma kundi moja la sungura. Kundi la pili, la kulinganishia, hakuligusa.

Sungura wasiochomwa nao wakakutwa na kingamwili zile zile. Wakubwa wakamshauri awaondoe kimyakimya kwenye ripoti, maana wafadhili walikuwa njiani. Akakataa. Akawageuza mmoja mmoja, akakuta nyayo zimevimba: vizimba vyao vilifungwa sakafu ya waya mkali. Walikuwa na uvimbe wao wenyewe, na miili yao ilikwisha kuujibu. Kosa la vizimba ndilo lililomwonyesha kwamba jibu la swali lake ni ndiyo.

Aliandika yote mawili, kosa na jibu. Wafadhili walisoma kosa, wakaishia hapo. Wenzake wa kitengo wakahamishwa mmoja baada ya mwingine. Akabaki na sungura, na chakula cha mchana akila peke yake kwenye benchi la korido, huku sisi tukipita tukizungumza mpira. Nasema bila kumung'unya maneno: kitengo kile hakikufa, kilitelekezwa.

Hakuomba zawadi ya kuagwa. Aliomba mrithi aletwe mapema, sungura wamzoee. Hadi naandika haya, nafasi haijatangazwa. Amepewa Wilfred wa stoo, awalishe tu. Wilfred hajui kasida, akawaimbia wimbo wa kwaya yake ya Kilutheri kwa besi nzito; wote wakajibanza pembeni. Dk. Zuwena alicheka hadi akakaa chini. "Wilfred baba, shusha sauti tu. Hawa hawana dini!" Sasa wanamsogelea. Ndugu viongozi, msomesheni Wilfred au mleteni mwingine, lakini chumba kile kisifungwe.

Dk. Zuwena, ahsante kwa ukweli uliokugharimu wenzako. Mungu akujaalie afya, usingizi mzuri na nyumba yenye watu. Tutakuja huko Tongoni unakorudi, na huko tutapiga hodi kwa sauti kubwa, mpaka utuitikie karibu.