Machela Moja kwa Wawili

MELNYK: Haloo, hospitali ya mjini. Nani mwenzangu?

CORINNE: Haloo, Daktari. Ni Corinne, nesi wa kliniki ya Ziwa Wapisu. Unanipata?

MELNYK: Nakupata kwa mbali, kama uko chini ya ndoo. Habari za huko, dada?

CORINNE: Za huku si nzuri. Nina majeruhi.

MELNYK: Ndiye huyo ninayemsikia akipiga kelele?

CORINNE: Ndiye. Anaitwa Armand Sewap, miaka thelathini na mbili. Pikipiki ya theluji imegonga kisiki kilichofukiwa, yeye akarushwa, halafu pikipiki ikamlalia mguu. Paja limevunjika, mfupa uko nje, na—

MELNYK: Ngoja, tutaufikia mguu. Anza juu. Mtu anayepiga kelele hivyo njia yake ya hewa iko wazi, mwache apige. Akinyamaza ndipo uniambie. Shingo umeifunga?

CORINNE: Nimemvisha kola.

MELNYK: Kifua?

CORINNE: Kinapanda pande zote mbili. Nimesikiliza, hewa inaingia kulia na kushoto. Oksijeni tisini na sita.

MELNYK: Vizuri. Damu sasa.

CORINNE: Ilikuwa inamwagika. Waliufunga mguu kwa mkanda wa suruali huko porini lakini haukukaza. Alipofika nikamwekea ule ukanda wetu wa kukaza damu, juu ya paja. Saa saba na dakika kumi. Nimeandika saa kwenye paji la uso, kama ulivyonifundisha.

MELNYK: Na sasa ni saa saba na dakika thelathini na tano. Damu imesimama?

CORINNE: Imesimama. Mapigo mia moja na kumi na nane, presha mia na nne kwa sitini. Ana drip mbili, moja kila mkono. Nyonga haichezi, lakini nimeizungushia shuka nikaikaza hata hivyo. Mboni za macho ziko sawa. Anajua leo ni siku gani vizuri kuliko mimi.

MELNYK: [anacheka kidogo] Uko zamu tangu lini?

CORINNE: Hii siku ya nne. Mwenzangu aliondoka Alhamisi, anayekuja kumpokea amekwama njiani. Wewe?

MELNYK: Mimi tangu jana asubuhi. Usinihurumie, mimi nimekaa. Umemvua nguo zote? Umemgeuza ukaona mgongo?

CORINNE: Nimezikata zote, suruali mpya kabisa. Ametutukana mimi na Mavis kwa Kikrii, lugha yetu ya huku, akamalizia kwa Kiingereza. Mgongo ni mzima. Tumemfunika blanketi tatu.

MELNYK: Mavis ni nani?

CORINNE: Wa usafi. Ndiye niliye naye leo. Anashika ninapomwambia ashike.

MELNYK: Mshukuru. Mpe Armand ketamini kidogo imtulize maumivu, tusikilizane. Ile dawa ya kusaidia damu igande umempa?

CORINNE: Naiingiza sasa hivi. [vyuma vinagongana] Inaingia.

MELNYK: Ndege nimeiita ukiwa unazungumza. Itatua kwenu kama saa nane na nusu, ukungu ukiruhusu. Ina machela moja tu iliyo wazi, nyingine imelaliwa na mama waliyemchukua huko kaskazini. Lakini wewe si una mmoja—

CORINNE: Mmoja, ndiyo. Na mjomba wangu, ila yeye—

MELNYK: Umekatika. Mjomba wako amefanya nini?

CORINNE: Nasema walikuwa wawili. Walikuwa wanakwenda kukagua nyavu chini ya barafu, mjomba Elzear ndiye alikuwa anaendesha. Armand ni mkwe wake, amemwoa Bernadette, binti yake. Pikipiki ilipokufa mzee akamlaza kijana kwenye sleji ya kubebea samaki, akaivuta kwa kamba mwenyewe mpaka hapa. Kilomita nne.

MELNYK: Ana miaka mingapi?

CORINNE: Sitini na tatu. Yeye yuko sawa, Daktari. Kaingia kwa miguu yake. Nimemkalisha pale ukutani, anakunywa chai.

MELNYK: Aliumia wapi?

CORINNE: Anasema hakuumia. Usukani ulimgusa tumbo, basi.

MELNYK: Ulimgusa.

CORINNE: Ndivyo alivyosema. Analalamika bega la kushoto tu, eti ni kwa kuvuta ile kamba.

MELNYK: Aliangukia bega?

CORINNE: Hapana.

MELNYK: Corinne. Mnyang'anye chai. Nenda ukampime.

CORINNE: Lakini Armand—

MELNYK: Armand nimeshamsikia. Huyu mwingine sijamsikia hata mara moja. Nenda.

CORINNE: [mbali na simu] Mavis, kaa kichwani pa huyu, ukiona anaacha kupumua niite. Mjomba, nipe mkono. Nipe na hicho kikombe. [mkwaruzo wa laini]

MELNYK: Corinne? Uko hapo?

CORINNE: Niko hapa.

MELNYK: Nisomee.

CORINNE: Mapigo mia na ishirini na nane. Presha themanini na mbili kwa hamsini. Mikono baridi, imelowa jasho. Tumbo... tumbo limekuwa gumu kama ubao. Nikibonyeza kushoto chini ya mbavu anafumba macho.

MELNYK: Hiyo ni bandama, imepasuka. Anavujia ndani, na damu hiyo ya tumboni ndiyo inayomfanya asikie maumivu begani. Mlaze.

CORINNE: Nimemkalisha pale nusu saa nzima, Daktari.

MELNYK: Mlaze, dada.

CORINNE: Nilimpita mara tano nikienda kuchukua shashi. Mara tano. Akaniambia shughulika na kijana, nikashughulika na kijana. Nikampa kikombe mkononi.

MELNYK: Nakusikia. Una damu pakti ngapi kwenye friji?

CORINNE: Mbili. Grupu O.

MELNYK: Zote mbili kwake.

CORINNE: Zote? Na Armand akihitaji?

MELNYK: Armand umeshamzibia shimo. Shimo la mzee hatulifikii mpaka apasuliwe. Mashine ya kupashia damu inafanya kazi?

CORINNE: Inafanya, ukiipiga kofi.

MELNYK: Ipige kofi. Mtundikie pakti ya kwanza sasa, na dozi ileile ya dawa ya kugandisha. Maji ya drip usimpe. Usitafute presha ya kujivunia. Ikifika tisini na anakujibu, ishie hapo. Ukimjaza utasukuma lile bonge la damu lililoziba, litoke.

CORINNE: Sawa. [mbali na simu] Mjomba, kuna sindano. Ndiyo, kubwa. Si wewe uliyesema huumwi? [kwenye simu] Imeingia. Damu inashuka.

MELNYK: Oksijeni mwekee. Mfunike. Mwanadamu akipoa damu haigandi, na huyo ametembea kwenye baridi na jasho mwilini.

CORINNE: Tumempa blanketi za Mavis za nyumbani, zetu zimekwisha.

MELNYK: Sasa nisikilize. Ile machela moja.

CORINNE: Najua.

MELNYK: Anapanda mzee. Daktari wa upasuaji namtafuta kwa simu ya pili, chumba kitakuwa tayari. Armand atangoja ndege inayofuata.

CORINNE: Itakuja saa ngapi?

MELNYK: Saa kumi na moja. Isipochelewa.

CORINNE: Saa kumi na moja ule ukanda utakuwa na karibu saa nne mguuni. Mguu utakufa, Daktari. Huyu ni mtu wa mtego na nyavu, mguu ndio—

MELNYK: Najua, hatutauacha saa nne. Tutaulegeza, wewe na mimi, polepole. Kwanza mwambie mzee anakwenda.

CORINNE: Ameshasikia. Anatikisa kichwa. [mbali na simu] Unasemaje? [kwenye simu] Anasema apande kijana. Anasema Bernadette ana mimba ya miezi mitano, na yeye mwenyewe ameshakula samaki wa kutosha.

MELNYK: Mwambie mguu unaweza kungoja, tumbo haliwezi.

CORINNE: Anauliza kama wewe ndiye yule daktari aliyemkataza chumvi mwaka juzi.

MELNYK: Ndimi.

CORINNE: Anasema hajakusikiliza tangu siku ile, na leo haanzi.

MELNYK: Basi asinisikilize mimi, akusikilize wewe. Sina la kumwambia ambalo huwezi kumwambia vizuri zaidi.

CORINNE: [mbali na simu, sauti ya chini] Mjomba. Nitazame. Ulimvuta kilomita nne na tumbo linavuja. Umemfikisha. Sasa amekuwa wangu. Niachie mimi. Niachie, mjomba.

MELNYK: Anasemaje?

CORINNE: Amegeukia ukutani.

MELNYK: Anakujibu ukimwita?

CORINNE: Anajibu. Amekubali tu, ndivyo wanavyokubali kwetu. Tisini kwa hamsini na sita. Mapigo mia na ishirini.

MELNYK: Usiipandishe presha zaidi ya hapo. Turudi kwa Armand. Saa ngapi?

CORINNE: Saa nane kasoro tano.

MELNYK: Chukua shashi, ile ndefu. Ijaze ndani ya kidonda, kwa kidole, mpaka chini kabisa ambako damu ilikuwa inatoka. Usione aibu, jaza kama unashindilia godoro. Kisha Mavis aweke mikono miwili na uzito wake wote juu, dakika kumi, kwa saa. Asichungulie.

CORINNE: Mavis, umesikia? Usichungulie. Nimeijaza, Daktari. Armand ameanza kuzinduka. Anauliza mzee yuko wapi.

MELNYK: Umemwambia nini?

CORINNE: Nimemwambia yuko hapa hapa. Si uongo, kuna pazia tu katikati.

MELNYK: Si uongo. Bernadette amefika?

CORINNE: Yuko nje ya mlango. Nimempa kiti, hakai.

[mkwaruzo, laini inakatika na kurudi]

CORINNE: —aloo? Daktari?

MELNYK: Nipo. Nilidhani nimekupoteza. Dakika ngapi?

CORINNE: Kumi na moja. Mavis mikono imemchoka.

MELNYK: Ifunge bandeji ya kubana juu yake, kaza. Halafu shika ule ukanda. Legeza nusu mzunguko. Tazama.

CORINNE: Nimelegeza. Bandeji ni nyeupe bado.

MELNYK: Hesabu mpaka sitini. Nusu nyingine.

CORINNE: [anahesabu] Nyeupe.

MELNYK: Nusu nyingine. Usiniambie kitu mpaka uwe na cha kuniambia.

CORINNE: [anahesabu tena] Kuna doa. Kama sarafu.

MELNYK: Linakua?

CORINNE: Ngoja. Halikui. Limesimama.

MELNYK: Maliza kulegeza. Uuache ukanda hapo hapo, wazi, ili damu ikianza ukaze bila kutafuta. Vidole vya mguu?

CORINNE: Vilikuwa kama nta. Sasa... kidole gumba kinapata rangi. Anasema vinamchoma kama moto.

MELNYK: Vikichoma viko hai. Mtazame kila dakika tano. Na wewe, umekula?

CORINNE: Kuna mkate wa kukaanga wa jana. Daktari, nikikuuliza kitu utanijibu?

MELNYK: Nikiweza.

CORINNE: Ile nusu saa. Ningempima alipoingia—

MELNYK: Ulikuwa peke yako na mtu anayemwaga damu sakafuni.

CORINNE: Hujanijibu.

MELNYK: Hapana. Mtu akiniletea wawili na mmoja analia, mimi pia namkimbilia anayelia. Imewahi kunitokea. Alikuwa mwanamke, naye alikuwa ameketi. Nisomee presha ya mzee.

CORINNE: Themanini na nane. Pakti ya pili imefika nusu.

MELNYK: Mapigo?

CORINNE: Mia na thelathini. Yanapanda tena. Ameanza kuuliza mara mbili mbili kama pikipiki imezimwa.

MELNYK: Sawa.

CORINNE: Sawa maana yake nini?

MELNYK: Maana yake daktari wa upasuaji amepatikana na ananawa. Ndege umeisikia?

CORINNE: Naisikia. Imetua, gari limekwenda kuwachukua. [kelele za mlango, upepo] Hawa hapa. [mbali na simu] Karibuni, huyu wa nyuma ya pazia ndiye. Pakti ya mwisho inaingia, dawa nilizompa nimeziandika hapo. Polepole na hilo tumbo.

MELNYK: Wape namba yangu ya simu, nitazungumza nao angani.

CORINNE: [kwenye simu] Wanayo. Daktari, muuguzi wa ndege anasema kuna kiti kimoja cha ndugu. Bernadette ameingia. Amesimama katikati ya vitanda viwili.

MELNYK: Ehe.

CORINNE: Ananiuliza apande na baba au abaki na mumewe. Armand anamwita. Nimwambie nini?

MELNYK: Armand atakuwa hapa kwangu usiku. Atamwona leo, na kesho, na kesho kutwa.

CORINNE: Na mzee?

MELNYK: Bernadette ana koti?

CORINNE: Daktari?

MELNYK: Mwambie avae koti apande ndege.

CORINNE: Nimekuelewa.

MELNYK: Na akae upande wa kichwa. Kuna kelele mle ndani, lazima amwinamie sikioni ndipo amsikie.

CORINNE: Nitamwambia. Nakata, wanaanza kusukuma.

MELNYK: Nenda, nenda. Ukimaliza nipigie, hata kama huna la kusema.

CORINNE: Nitapiga. [mbali na simu] Bernadette, njoo, vaa koti. Vaa, mdogo wangu, nitakueleza tukitembea—

[simu imekatwa]